Fildi Katika Kituo cha Kikristo cha Watoto: Mwongozo Kamili kwa Mwanachuo, Kuanzia Barua Hadi Kuaga

Kila mwaka ifikapo Juni, vituo vya watoto vilivyo chini ya makanisa hupokea barua za wanachuo wanaotafuta nafasi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Nyingi hazijibiwi. Hata kati ya wanaojibiwa, wengi hurudi chuoni wakilalamika kwamba walikaa bila kazi, na wengine huondolewa kabla ya muda kwa kuvunja taratibu za ulinzi wa mtoto ambazo hawakujua kama zipo. Makosa ni yale yale, na karibu yote yanazuilika.

Mwongozo huu ni wa mwanachuo wa Tanzania anayekwenda fildi katika likizo ndefu, kati ya Julai na Oktoba, kwa wiki nane hivi. Awe wa ustawi wa jamii, maendeleo ya jamii, saikolojia, ualimu, uuguzi, uhasibu au TEHAMA, atapata lake. Ndugu wa Kenya anayetafuta atachimenti, kama fildi inavyoitwa huko, ataona mengi yanamfaa pia.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Kituo hakikuanzishwa ili wewe upate alama. Mratibu akifungua barua yako anajiuliza mambo mawili tu: watoto watakuwa salama mbele ya mtu huyu? Na akiondoka, ataacha kazi iliyokamilika au ataacha pengo? Ukiweza kuyajibu hayo mawili, nafasi utapata.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kitu kingine chochote

- Barua ya utambulisho ya chuo, yenye muhuri, tarehe za kuanza na kumaliza, na jina la msimamizi wa chuo. Iombe mapema, ofisi zinazoshughulikia mafunzo kwa vitendo huelemewa kadiri mitihani ya mwisho wa mwaka inavyokaribia.
- Barua yako ya maombi, ukurasa mmoja, iliyoandikwa kwa kituo hicho na si kingine.
- Wasifu wako, usiozidi kurasa mbili. Kama umewahi kufundisha shule ya Jumapili au kuongoza kambi ya vijana, iandike. Kwa kazi hii ina uzito kuliko semina ya ujasiriamali.
- Barua ya mchungaji, padri au kiongozi wa ushirika wa wanafunzi chuoni, inayosema anakufahamu kwa muda gani na katika lipi.
- Majina na simu za watu wazima wawili wasio ndugu zako. Kituo makini kitawapigia kweli, kwa hiyo waambie kabla.
- Kitambulisho cha NIDA au namba yake, pamoja na kitambulisho cha mwanafunzi.
- Cheti cha tabia njema cha Polisi, kama kituo kinakidai. Huchukuliwa kwa alama za vidole na huchukua muda, hivyo uliza mapema. Kenya, cheti hiki hutolewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na mashirika ya watoto hukiomba sana.
- Kadi ya bima ya afya iliyo hai.
- Daftari dogo gumu la kuandika kila siku, mbali na kitabu cha kumbukumbu ulichopewa na chuo.
- Nguo za heshima na viatu vya kutembea. Utatembea sana, na utakaa kwenye mikeka.

## Hatua ya 1: Chagua aina ya kituo (Januari hadi Machi)

Wengi huanza na jina kubwa la shirika. Anza na aina ya kazi, kwa sababu mashirika ya Kikristo ya watoto hayafanani.

Kituo cha kanisa la mahali. Compassion International, kwa mfano, hufanya kazi Tanzania kupitia makanisa. Kituo kiko kwenye uwanja wa kanisa, kina mratibu na watumishi wachache, na watoto hulala kwao na kusoma shule za kawaida. Ukitaka kukaa karibu na watoto na familia zao, nenda huku. Barua iende kituoni kwenyewe. Wanaoiandika kwa ofisi ya taifa iliyoko Arusha husubiri jibu kutoka mahali ambapo hapatafuti mtu wa kukaa na watoto wa Mbagala au Sumbawanga.

Ofisi ya mradi. World Vision Tanzania huendesha programu za maeneo zinazochukua miaka mingi: maji, lishe, afya, ulinzi wa mtoto, vikundi vya kuweka akiba. Hapa utafanya kazi na kamati za vijiji kuliko na mtoto mmoja mmoja. Inamfaa sana mwanafunzi wa maendeleo ya jamii au wa ufuatiliaji na tathmini.

Makao ya watoto. Hapa watoto wanaishi hapo hapo. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, makao lazima yawe na leseni. Muulize afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kama makao hayo anayatambua. Akisita, au mwenye makao akikasirikia swali, tafuta kwingine. Yapo makao yanayowaweka watoto wenye ndugu hai ili wageni waone na kuchangia, na mwanachuo anayejitolea mahali pa namna hiyo anasaidia kuwatenga watoto na familia zao bila kujua.

Idara ya dayosisi. Makanisa kama KKKT (la Kilutheri) na Anglikana yana idara za diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, elimu au watoto. Wanafunzi wa uhasibu na TEHAMA huzisahau, na huko ndiko kwenye kazi zao.

Kuhusu imani, sema ukweli mapema. Mashirika mengi ya aina hii hutaka watumishi wake wawe Wakristo, na siku huanza kwa sala na neno. Kwa mwanachuo wa fildi, vituo vinatofautiana. Kama wewe ni Mwislamu, au ni Mkristo usiye wa dhehebu lile, uliza kabla ya kupeleka barua: "Je, nafasi hii iko wazi kwangu, na nitategemewa kufanya nini wakati wa ibada?" Kuna vituo vitakavyokukaribisha kwa moyo mmoja, hasa katika uhasibu, afya na takwimu. Lakini usijifanye. Watoto hutambua upesi mtu anayeigiza sala.

Utajua umefaulu ukiwa na orodha ya vituo vitatu hadi vitano, na kwa kila kimoja unaweza kusema kwa sentensi moja kinafanya nini.

## Hatua ya 2: Fika kituoni kabla ya kuandika barua

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Nenda siku ya kazi, katikati ya wiki, saa nne asubuhi. Usiende Jumamosi: vituo vingi vya kanisa hukutana na watoto siku hiyo, na mratibu ana watoto mia na zaidi wanaosubiri uji. Usiende mwisho wa mwezi, hesabu zinapofungwa.

Salimia kama mtu aliyelelewa. "Shikamoo" kwa wakubwa, na ukisalimiwa "Bwana Yesu asifiwe", itikia. Jitambulishe, kisha uliza swali moja: "Kuna kazi gani hapa ambayo mmetamani kuifanya lakini mikono haitoshi?" Halafu nyamaza uandike.

Utasikia mambo ya kweli. Mafaili ya watoto yamepitwa na wakati. Barua za watoto kwa wafadhili zimechelewa. Watoto wa darasa la tatu hawajui kusoma. Stoo haina orodha. Majibu hayo ndiyo malighafi ya barua yako.

Kama kituo kiko mkoa mwingine, piga simu mchana na uombe dakika tano. Jumbe za WhatsApp zinazoanza na "Naomba msaada wa nafasi" huzama.

## Hatua ya 3: Andika barua inayotaja kazi

Barua nyingi husema mwombaji ni "mchapakazi anayependa watoto". Kila mtu anapenda watoto, hata yule ambaye hapaswi kukaribishwa. Andika hivi:

> YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MAFUNZO KWA VITENDO, JULAI 20 HADI SEPTEMBA 11
>
> Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya ustawi wa jamii. Naomba kufanya mafunzo kwa vitendo kituoni kwenu kwa wiki nane.
>
> Nilipofika kituoni mwezi Machi nilielezwa kuwa taarifa za kaya katika mafaili ya watoto zinahitaji kuhuishwa. Naweza kuifanya kazi hiyo nikiwa chini ya mtumishi wenu. Nimesoma uandishi wa taarifa za mashauri ya watoto na ninatumia kompyuta vizuri.
>
> Niko tayari kusaini na kufuata sera yenu ya ulinzi wa mtoto. Nimeambatisha barua ya utambulisho ya chuo, barua ya mchungaji wangu na majina ya watu wawili wanaonifahamu. Malazi na nauli nitajigharamia.

Sentensi ya sera ya ulinzi wa mtoto usiiache. Inamwonyesha mratibu kwamba unajua unaingia wapi. Na ile ya malazi inamwondolea hofu ya kuombwa posho ambayo bajeti yake haina.

Peleka barua Machi au Aprili. Acha nakala, omba igongwe muhuri wa kupokelewa. Baada ya wiki mbili piga simu: "Shikamoo Mratibu. Mimi ni yule mwanafunzi wa ustawi wa jamii aliyeleta barua kuhusu mafaili. Naomba kujua kama kamati imekaa." Neno "kamati" lina maana yake, kwa kuwa katika vituo vya kanisa uamuzi kama huu mara nyingi hupita kwa kamati ya kituo na mchungaji. Ukimbana mratibu akujibu papo hapo, unamwomba asicho nacho.

Utajua umefaulu ukiwa na jibu la maandishi lenye tarehe na jina la msimamizi wako wa kituoni. "Wewe njoo tu" si jibu. Wapo walioripoti kwa neno hilo wakakuta mratibu amehamishwa.

## Hatua ya 4: Mahojiano na sera ya ulinzi wa mtoto

Utaulizwa kwa nini watoto, umewahi kushtakiwa, utafanya nini mtoto akikukumbatia, akikuomba simu, akikuambia anapigwa nyumbani. Hakuna mtego hapo. Jibu kwa utulivu, na pale usipojua sema, "Nitamwuliza msimamizi wangu kwanza." Hilo ndilo jibu wanalolitafuta.

Kisha utapewa sera usaini. Isome yote. Kama hawakupi, iombe. Na kituo kisicho na sera yoyote ya ulinzi wa mtoto usikiendee. Mambo ya msingi hufanana karibu kila mahali:

Usikae na mtoto peke yako kwenye chumba kilichofungwa. Usimpige, hata kama walimu wengine wanafanya hivyo. Usimpe pesa wala zawadi kwa siri. Usibadilishane namba za simu naye. Usimchukue kwenda kwako. Usimpige picha kwa simu yako.

Sheria hizi zinakulinda na wewe. Kijana mgeni anayeonekana na mtoto nyuma ya jengo, hata kwa nia njema, hana wa kumtetea.

## Hatua ya 5: Fedha na malazi

Piga hesabu ya wiki nane: chumba, chakula, nauli ya kwenda na kurudi kila siku, vocha, kuchapa ripoti. Kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB), angalia kama kozi yako ina fungu la mafunzo kwa vitendo, na uwe na akiba ya wiki mbili za mwanzo mkononi, kwa kuwa fedha huweza kuchelewa.

Usiombe kulala kwenye nyumba ya familia ya mtoto wa kituo, hata wakikukaribisha kwa upendo. Utakuwa mgeni wa watu ambao kesho utaandika taarifa zao.

## Hatua ya 6: Wiki ya kwanza, tazama

Wengi hufika wakitarajia watoto kila siku. Fildi yako inaangukia muhula wa pili wa shule: Jumatatu hadi Ijumaa watoto wako darasani, na darasa la saba wanajiandaa kwa mtihani wa taifa wa Septemba. Kituo hujaa Jumamosi. Siku nyingine ni za mafaili, hesabu, kutembelea kaya na shule, kufuatilia mtoto aliyelazwa. Asiyelijua hili huandika kwenye kitabu chake "leo hakukuwa na kazi", huku kazi yenyewe ya ustawi ikipita mbele yake.

Wiki hii jifunze majina. Jua nani anashika ufunguo wa kabati la mafaili, nani anapika, nani mlezi wa darasa gani. Mpishi na mlinzi wasalimie kwa jina. Wanajua mambo ya watoto kuliko faili lolote. Kama watoto wanamwita kila mtumishi "mwalimu", itika. Na tangu Jumamosi ya kwanza waambie utaondoka lini: "Nitakuwa nanyi mpaka Septemba, kisha narudi chuoni." Watoto wengi hapa wameshaachwa na mtu. Wasiachwe tena na mtu asiyeaga.

## Hatua ya 7: Shika kazi moja uimalize

Kaa na msimamizi mwisho wa wiki ya kwanza, mkubaliane kazi moja itakayokamilika kabla hujaondoka. Wiki nane ni chache. Mwenye mipango sita huacha sita zilizoanzwa.

Mafaili ya watoto. Tengenezeni orodha ya vinavyopaswa kuwemo: cheti cha kuzaliwa, taarifa za kaya, maendeleo ya shule, afya, tarehe ya kutembelewa mara ya mwisho. Pitia faili moja moja, andika kinachokosekana. Usilitoe faili nje ya ofisi na usipige picha kurasa zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Mwisho wa kazi, mratibu aone kwa ukurasa mmoja ni watoto gani hawana cheti cha kuzaliwa. Hiyo peke yake ni huduma kubwa, maana mtoto asiye na cheti hukwama mbele ya safari.

Kusoma. Chagua watoto wachache wasiojua kusoma. Siku ya kwanza kila mmoja asome aya fupi ya Kiswahili, na uandike anaweza nini: herufi, silabi, maneno au sentensi. Wafundishe kwa vipindi vifupi kila Jumamosi na siku moja baada ya shule, mahali panapoonekana na wote. Wiki ya nane wasome aya ya kiwango kile kile. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo sura ya matokeo katika ripoti yako.

Barua kwa wafadhili. Mtoto aliyefadhiliwa humwandikia mfadhili wake, na kazi hii huchosha kila mtu mpaka barua zote zinafanana: "Namshukuru Mungu mimi ni mzima." Usimwandikie. Muulize: Juzi ulicheka nini? Nani rafiki yako? Ng'ombe wenu amezaa? Mwache achore. Hakikisha hakuna namba ya simu, anwani ya nyumbani wala ombi la zawadi. Barua yenye habari ya ndama aliyezaliwa usiku ni ya mtoto kweli, na mfadhili aliye mbali ataisoma mara mbili.

Afya na lishe, kwa wauguzi. Utapima uzito, urefu na mzunguko wa mkono wa juu. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko wa mkono ulio chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni wa kadiri. Pima, andika, mjulishe msimamizi, mtoto apelekwe zahanati. Usitoe dawa. Na usitangaze vipimo mbele ya watoto wengine. Jina la utani hukaa miaka.

## Hatua ya 8: Kutembelea kaya

Nenda na mtumishi wa kituo, kamwe usiende peke yako. Taarifa itangulie. Mvae kawaida, bila gari kubwa mlangoni kama inawezekana, kwa sababu mtaa mzima unaangalia nani anapata msaada.

Ukikaribishwa uji au maji, pokea. Kukataa ni kumwambia bibi kwamba nyumba yake haifai. Zungumzeni kwanza habari za shamba, mvua, wagonjwa. Daftari libaki kwenye mkoba, andika mkishatoka. Anayeandika huku akiangalia paa na sufuria anamgeuza mwenyeji kuwa kitu cha kukaguliwa.

Usiahidi. Mama atakwambia mtoto hana viatu, na moyo utakusukuma useme "nitaliangalia". Atalichukua neno hilo kama ahadi ya kituo, na mratibu ndiye atakayeulizwa ukiwa umesharudi chuoni. Sema, "Nimesikia mama, nitamfikishia mratibu," na ufikishe kweli jioni ile ile.

Angalia pia kilicho chema: mtoto mkubwa anayemsomesha mdogo, babu anayewahi ibada na wajukuu, bustani ya mchicha nyuma ya choo. Andika na hayo. Taarifa inayohesabu upungufu tu haiisaidii familia, kwa kuwa msaada huanzia kwenye nguvu waliyonayo.

## Hatua ya 9: Mtoto akikuambia jambo zito

Pengine halitatokea. Likitokea, utakuwa na dakika chache, kwa hiyo jua la kufanya sasa.

1. Msikilize pale pale, mahali panapoonekana lakini pasiposikika. Usishtuke usoni.
2. Usiahidi siri. Mwambie: "Asante kwa kuniambia. Si kosa lako. Nitamwambia mtu mmoja anayeweza kukusaidia."
3. Usihoji. Usiulize "alikugusa hapa?" Maswali ya kumwelekeza yanaweza kuharibu ushahidi. Inatosha: "Unataka kuniambia zaidi?"
4. Andika maneno yake mwenyewe siku hiyo hiyo, pamoja na saa na mahali. Usiyasanifu.
5. Mjulishe mhusika wa ulinzi wa mtoto kituoni kabla hujalala.
6. Usimkabili anayetuhumiwa, wala usiende kwa wazazi peke yako.

Kama anayetajwa ni kiongozi wa kituo au wa kanisa, usipeleke habari ofisini kwake. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto. Namba hiyo hiyo inatumika Kenya na Uganda. Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za haki za mtoto kuvunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na mwanachuo hakusamehewa.

Kwa ukatili wa kingono wa karibuni, muda ni kila kitu: dawa za kinga dhidi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Mtoto asiogeshwe, nguo zisifuliwe. Fomu ya PF3, ya polisi kwa ajili ya matibabu ya aliyeumizwa, hutolewa polisi, lakini uhai na matibabu vinatangulia.

Utasikia mtu akisema, "Haya tuyamalize kikanisa." Msamaha ni wa kanisa, na kanisa lina kazi ya kumfariji mtoto na familia yake. Kumlinda mtoto dhidi ya mtu huyo ni kazi ya sheria. Kimoja hakifuti kingine. Mchungaji mwema atakwambia hivyo hivyo.

## Hatua ya 10: Simu na picha

Kuweka picha za watoto mtandaoni ni kosa linaloweza kukuondoa kituoni. Picha ya mtoto aliyevaa kiraka, ukiwa umemkumbatia, yenye maneno "kurudisha kwa jamii", itabaki mtandaoni mtoto huyo akiwa ameshakuwa mtu mzima anayeomba kazi.

Picha za ripoti piga za kazi: rafu ya mafaili iliyopangwa, chati ya kusoma, mikono inayoandika. Zipigwe kwa ruhusa ya kituo, bila sura, bila jina la shule kwenye sweta. Marafiki wakikuuliza mbona huweki kitu, waambie kituo hakiruhusu.

## Hatua ya 11: Kitabu cha kumbukumbu na ripoti

Andika kila jioni, sentensi nne zinatosha: nilifanya nini, na nani, nimejifunza nini, nini kimenishinda. Msimamizi asaini kila Ijumaa. Kitabu kinachojazwa wiki ya mwisho kinajulikana kwa wino mmoja na mwandiko uliochoka.

Badala ya majina ya watoto tumia alama, "mtoto A, msichana, miaka 9", na usitaje mtaa. Ripoti yako itakaa maktaba, itasomwa na wasiokuhusu.

Katika sura ya changamoto, wengi huandika "upungufu wa fedha" wakaishia hapo. Andika kilichotokea: watoto wa upande wa pili wa mto hawafiki Jumamosi mvua ikinyesha, kwa hiyo tulipendekeza siku yao ihamie kwa mlezi aliye karibu nao. Msimamizi wa chuo atakupa alama kwa hilo, na kituo kitalitumia.

## Hatua ya 12: Kuaga na kukabidhi

Wiki mbili kabla, wakumbushe watoto. Jumamosi ya mwisho iwe ya kawaida: wimbo, michezo, uji, sala. Usigawe zawadi kwa wachache uliowazoea. Usiache namba yako. Anayetaka kukuandikia, barua ipite ofisini.

Mtumishi utakayemkabidhi kazi awe ameifanya mwenyewe mbele yako angalau mara moja kabla hujaondoka. Andika maelezo ya ukurasa mmoja: faili liko wapi, linajazwaje, lini lipitiwe tena. Futa kwenye simu na kompyuta yako kila taarifa ya watoto, na mratibu aone ukifuta. Rudisha ufunguo, kitambulisho cha kituo na fulana. Chukua fomu ya tathmini iliyosainiwa na kupigwa muhuri, pamoja na barua ya kuthibitisha umemaliza, siku hiyo hiyo, maana kuifuata baadaye kwa basi kutoka mkoa mwingine ni gharama.

Msimamizi wako atakuomba ushauri kabla hujaondoka. Mpe moja la kweli, kwa adabu, ukiwa umeketi naye faragha. Na kama unataka kurudi kujitolea likizo ijayo, lisemee hapo hapo kwake, usilitaje kwa watoto mpaka tarehe iwe imeandikwa.